Sauti Inapoitangulia Picha

Chukulia kwamba wanafunzi wa shule moja ya sekondari ya pwani wamepewa kazi ya kuhifadhi maarifa ya uundaji wa majahazi. Wamemwendea fundi mzee, naye amekubali kueleza kazi yake kwa muda wa saa moja huku akikalafati, yaani akishindilia pamba katika nyufa za mbao kwa patasi na nyundo. Simu ya mkononi imesimamishwa mbele yake ili ipige picha. Kwa kuwa upepo wa bahari huharibu sauti, kinasa sauti kidogo kimefungwa kifuani pake. Jioni wanafunzi huunganisha picha na sauti katika kompyuta. Mwanzoni kila kitu ni sawa: nyundo inapogonga patasi, mlio husikika papo hapo. Baada ya robo saa mtazamaji huanza kuhisi kwamba kuna jambo lisilokaa vizuri, ingawa hawezi kulitaja. Baada ya nusu saa mzee huonekana akifumbua kinywa ilhali neno lake limekwisha kusikika. Na saa inapomalizika, mlio wa nyundo husikika wakati nyundo yenyewe ingali hewani.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya mara ya kwanza ni kuichelewesha sauti yote kidogo, mpaka mwisho wa filamu ukae sawa. Mwisho ukikaa sawa, mwanzo huharibika. Mwanzo ukirekebishwa, mwisho hurudi palepale ulipokuwa. Wanafunzi huweza kuupoteza usiku mzima kwa kazi hiyo, kisha wakakata tamaa na kusema kwamba kifaa ni kibovu. Kifaa si kibovu. Jambo lililowaponyoka ni kwamba sauti na picha huachana kwa namna mbili zilizo tofauti kabisa, na dawa ya moja haiitibu nyingine.

Katika namna ya kwanza tofauti haibadiliki. Mtu aliyesimama upande mmoja wa bonde akimtazama mpasua kuni wa upande wa pili huliona shoka likizama katika gogo, na baada ya kitambo ndipo husikia mlio. Nuru husafiri kilometa 300,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kwa umbali wa bonde ni sawa na kusema kwamba hufika mara moja. Sauti hewani husafiri mita 340 hivi tu kwa sekunde. Mpasua kuni akiwa umbali wa mita 170, mlio huchelewa nusu sekunde, na huchelewa nusu sekunde hiyohiyo kwa pigo la kwanza na kwa pigo la mia, maadamu hakuna aliyehama. Kwa hesabu ya haraka, kila mita 1 ya hewa huichelewesha sauti kwa milisekunde 3, yaani sehemu 3 za elfu za sekunde. Visikizi visivyo na waya huleta ucheleweshaji wa jinsi hiyo, kwa sababu huchukua muda kuipokea na kuifumbua sauti. Na runinga za siku hizi, ambazo huisafisha picha kabla ya kuionyesha, huweza kuichelewesha picha na kuiacha sauti itangulie. Katika hali hizi zote inatosha kuisogeza sauti mara moja, mbele au nyuma, na kazi imekwisha.

Tofauti iliyowasumbua wanafunzi wa jahazi ni ya namna ya pili: ilianzia sifuri ikakua. Ili kuielewa, hapana budi kutazama ndani ya vifaa vyenyewe.

Ndani ya kila kamera na kila kinasa sauti cha kidijitali mna saa, ingawa haina uso wala mishale. Kinasa sauti hakiihifadhi sauti kama mto unavyotiririka. Hupima mgandamizo wa hewa unaoletwa na mawimbi ya sauti, tuseme mara 48,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo hukiandika kama namba. Kamera nayo hupiga picha tuli, kwa mfano 25 kwa kila sekunde, na jicho ndilo linaloziunganisha zikawa mwendo. Lakini ni nani anayekiambia kifaa kwamba sekunde imepita? Kazi hiyo hufanywa na kipande kidogo cha fuwele ya kwatsi. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele za aina fulani zikibanwa hutoa umeme. Na kinyume chake pia ni kweli, kwamba zikipewa umeme hujikunja na kujikunjua. Kipande cha kwatsi kilichochongwa kwa kipimo maalumu hutetemeka kwa kasi yake, karibu bila kubadilika. Katika vinasa sauti vingi mitetemo hiyo ni 12,288,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 256 na jibu litakuwa 48,000 kamili.

Neno la kuzingatia hapo ni "karibu". Vipande vya kwatsi huchongwa viwandani kwa maelfu, na hakuna viwili vilivyo sawa kabisa. Kimoja hutetemeka upesi kidogo kuliko ilivyoandikwa, kingine polepole kidogo. Katika vifaa vya bei ya kawaida, kosa la sehemu 20, 30 au 50 katika milioni moja si jambo la ajabu. Joto huongeza kosa jingine. Kwa mfano, fuwele za saa za mkononi, ambazo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, huchongwa ili ziwe sahihi zaidi kwenye joto la nyuzi 25 za sentigredi. Saa kama hiyo ikiachwa siku nzima mahali penye joto la nyuzi 45, huchelewa zaidi kidogo ya sekunde 1. Mtu aliyeivaa hatambui lolote, kwa kuwa hakuna anayelalamikia sekunde moja kwa siku. Masikio na macho, kama itakavyoonekana, ni wakali zaidi.

Sasa hesabu ya jahazi iweze kufanywa. Tuseme saa ya simu iliyopiga picha ilikuwa na haraka kwa sehemu 20 katika milioni, na saa ya kinasa sauti ilikuwa na uvivu kwa sehemu 30 katika milioni. Katika saa moja ya kweli, yaani sekunde 3,600, kinasa sauti sahihi kingechukua vipimo 172,800,000. Hiki chenye uvivu kilichukua pungufu ya hapo kwa vipimo 5,184. Kompyuta inapovicheza vipimo hivyo kwa mwendo sahihi wa 48,000 kwa sekunde, huvimaliza kwa sekunde 3,599.892. Picha nazo, zilizopigwa kwa haraka mno, zimezidi kidogo, na kuzicheza zote huchukua sekunde 3,600.072. Tofauti ni sekunde 0.18, na sauti ndiyo inayotangulia.

Wanafunzi wengi hutatizika hapa. Yawezekanaje saa yenye uvivu ikaifanya sauti iwahi? Mfano wa mpima nafaka utawasaidia. Mtu mwenye pishi iliyo kubwa kidogo kuliko ya halali akipima gunia la mpunga hupata pishi chache kuliko zile zilizomo kwa haki. Yule aliyeandikiwa idadi hiyo, naye akatoa nafaka kwa kutumia pishi ya halali, atafika mwisho wa hesabu mapema. Kila "pishi" ya kinasa sauti kivivu ilibeba muda mrefu kuliko ilivyodai. Ikichezwa kwa pishi halali, muda hubanwa, na maneno huwahi.

Sekunde 0.18 yaweza kuonekana kuwa kitu kidogo. Kwa picha 25 kwa sekunde ni picha nne na nusu tu. Lakini mwaka 1998 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano lilitoa pendekezo kwa vituo vya utangazaji, lililotokana na majaribio ya watazamaji. Kwa wastani mtazamaji hutambua kasoro pale sauti inapotangulia kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa humchukua mpaka milisekunde 125 hivi kabla hajatambua. Kiwango ambacho mtazamaji hawezi tena kukistahimili ni milisekunde 90 kwa sauti inayotangulia na 185 kwa ile inayochelewa. Sababu ya tofauti hiyo haiko mbali. Tangu azaliwe, mwanadamu amezoea mlio unaochelewa: mpasua kuni, radi baada ya umeme, ngoma ya kijiji cha pili. Mlio unaolitangulia pigo lake haujapata kusikika duniani, na ubongo huukataa.

Katika mfano wa jahazi tofauti ilikua kwa milisekunde 3 kila dakika, kana kwamba kila dakika mzee anajongea mita 1 kumwelekea msikilizaji na hatimaye kumpita. Kwa kasi hiyo milisekunde 45 hutimia katika dakika ya 15, na 90 katika dakika ya 30. Ndiyo maana robo saa ya kwanza ilikuwa salama, na baada ya nusu saa filamu haikutazamika.

Yuko atakayesema kwamba maneno ya mzee yanasikika vilevile, na kwamba hilo ndilo la maana. Sivyo. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walichapisha matokeo ya jaribio ambalo sasa linajulikana sana: watu walionyeshwa kinywa kinachotamka "ga" huku wakisikilizishwa sauti inayosema "ba", na wengi wao walisikia "da", silabi ambayo hakuna aliyeitamka. Msikilizaji husikia kwa macho pia, na mwenye masikio mazito hutegemea midomo kuliko anavyojua mwenyewe. Liko na jingine lenye uzito zaidi. Mwaka 1993 Byron Reeves na David Voelker wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaonyesha watazamaji vipande vya televisheni ambavyo sauti na picha zake zilikuwa zimeachana kidogo. Watazamaji waliwahukumu wasemaji wa vipande hivyo vibaya zaidi, kwamba hawavutii na hawana ushawishi, hata pale ambapo hawakuitambua kasoro yenyewe waziwazi. Mzee aliyetoa maarifa ya miaka sitini huenda akaonekana mtu asiyeaminika kwa sababu fuwele mbili hazikukubaliana. Na mzee huyo hatakuwapo siku zote aje arudie.

Tatizo hili lina umri sawa na sinema yenye sauti. Katika mfumo wa Vitaphone, uliotumiwa na kampuni ya Warner Bros. tangu mwaka 1926, na mwaka uliofuata katika filamu mashuhuri ya The Jazz Singer, picha zilikuwa kwenye utepe wa filamu na sauti kwenye sahani ya santuri. Wahandisi walijua kwamba mashine mbili zinazojiendea haziwezi kukubaliana, kwa hiyo mashine ya kuonyeshea na meza ya santuri viliendeshwa kwa mota moja. Maadamu mhimili ni mmoja, mwendo ni mmoja. Udhaifu ulikuwa kwingine. Utepe ukikatika na fundi akauunganisha kwa kutupa picha kadhaa zilizoharibika, santuri haikuwa na habari hiyo, na sauti ilichelewa mpaka mwisho wa sehemu ile. Mafundi wenye busara waliingiza vipande vyeusi vyenye idadi ileile ya picha zilizopotea. Miaka michache baadaye santuri iliachwa. Sauti ikachapwa kama mstari wa nuru pembeni mwa utepe uleule wa picha, na kwa kuwa picha na sauti zilikuwa mwili mmoja, hazikuweza tena kuachana polepole.

Tatizo lilirudi pale watengenezaji wa filamu walipotaka kutoka studio na kwenda kwa watu wakiwa na vinasa sauti vya utepe wa sumaku. Utepe wa sumaku hauna matundu, huteleza na kuvutika, na vilevile huathiriwa na hali ya hewa. Stefan Kudelski, mhandisi mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi yake Uswisi, aliunda vinasa sauti vya Nagra, jina ambalo kwa Kipolandi lina maana ya "kitanasa". Katika mashine hizo, pamoja na maneno ya msemaji, utepe uliweza kunasa mlio wa siri uliotoka kwenye kamera, wa mitetemo 50 kwa sekunde katika nchi za Ulaya. Kamera ikizembea, mlio nao ulizembea. Baadaye, katika chumba cha kuhariri, mashine iliusikiliza mlio huo na kuurekebisha mwendo wa utepe hatua kwa hatua. Mlio huo haukukusudiwa kuifanya saa isikosee. Kazi yake ilikuwa kuliandika kosa pamoja na sauti, ili lije lisahihishwe. Wazo hilo halijapitwa na wakati, na ndilo litakalowaokoa wanafunzi wa jahazi.

Kabla ya dawa, daktari hupima homa. Ukubwa wa tofauti baada ya saa moja karibu kila mara humtaja mkosaji. Ikiwa ni sehemu ndogo ya sekunde, lawama ni ya fuwele, kama ilivyokwisha kuelezwa. Ikiwa ni sekunde 3.6, au karibu sana na hapo, mkosaji si fuwele bali ni namba. Mwaka 1953 Marekani ilipoidhinisha televisheni ya rangi, mwendo wa picha 30 kwa sekunde ulipunguzwa kwa sehemu 1 katika 1,001, ukawa 29.97, ili mawimbi ya rangi yasigombane na yale ya sauti. Sehemu moja ya elfu ya sekunde 3,600 ni sekunde 3.6. Simu na kamera nyingi zingali zikiutumia mwendo huo, nazo huuita "30" kwa mkato. Kompyuta ikiuamini mkato huo, picha hukimbia na sauti hubaki nyuma. Inachekesha kidogo kwamba namba iliyobuniwa ili kuilinda sauti imekuwa adui wa sauti kwa miongo saba. Afrika Mashariki, iliyofuata mfumo wa Ulaya wa picha 25, haikuirithi namba hiyo katika televisheni zake, lakini imeipokea pamoja na simu.

Tofauti ikifikia dakika nzima, kosa ni kubwa zaidi na ni rahisi zaidi kulipata. Filamu ya sinema iliyopigwa kwa picha 24 ikichezwa kwa picha 25, saa moja huwa dakika 57 na sekunde 36. Sauti iliyonaswa kwa vipimo 44,100, ambavyo ni vile vya santuri ya CD, ikichezwa kana kwamba ni 48,000, saa moja huwa dakika 55 na sekunde chache, na mzee huzungumza kwa sauti nyembamba ya kijana. Hapa hapana haja ya kuvuta wala kubana chochote. Inatosha kuiambia programu namba iliyo ya kweli.

Upo ugonjwa mmoja ambao haufuati kanuni hizi. Tofauti hukua, hutulia, huruka, tena hukua. Mara nyingi chanzo chake ni simu yenyewe. Mwanga unapopungua, tuseme wingu limepita au mzee ameingia chini ya tumbo la jahazi, simu huacha kila picha ipokee nuru kwa muda mrefu zaidi, na idadi ya picha kwa sekunde hushuka. Simu haidanganyi: kila picha huandikiwa saa yake ya kuzaliwa ndani ya faili. Lakini baadhi ya programu za kuhariri hazisomi saa hizo. Huhesabu picha tu, na kudhani kwamba zimepishana kwa muda ulio sawa. Dawa ni kuigeuza filamu kwanza, kabla ya kuihariri, kwa programu inayozisoma saa hizo na kutoa picha zilizopangwa kwa mwendo mmoja. Programu ya bure ya FFmpeg hufanya kazi hiyo.

Sasa dawa ya fuwele. Kwa kuwa kosa hukua kwa kiasi kilekile kila dakika, alama mbili zinatosha kulijua lote: moja karibu na mwanzo, nyingine karibu na mwisho. Wapiga filamu hugonga vibao viwili mbele ya kamera. Shuleni, kofi moja la mikono latosha. Jambo la lazima ni kupiga kofi la pili kabla ya kuzima vifaa, nalo ndilo linalosahauliwa na wengi. Kofi moja huonyesha mahali sauti ilipo, ila haliwezi kuonyesha inakwenda kwa kasi gani.

Tuseme kati ya kofi na kofi kamera inaonyesha sekunde 3,420.00 na kinasa sauti kinaonyesha sekunde 3,419.83. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: jibu ni 1.00005, kwa kukadiria. Sauti irefushwe kwa kiasi hicho, kisha isogezwe mpaka kofi la kwanza likutane na la kwanza. La pili litakutana lenyewe, pamoja na kila pigo la nyundo lililo katikati. Programu za bure za kuhariri sauti, mojawapo ikiwa ni Audacity, huweza kufanya marefusho hayo kwa dakika chache.

Upimaji una hila yake. Picha moja huchukua milisekunde 40, kwa hiyo anayelitafuta kofi kwa kutazama mikono huweza kukosea kwa kiasi hicho. Ni afadhali maikrofoni ya simu iachwe wazi hata kama sauti yake imejaa upepo. Sauti hiyo mbovu imekwisha kuunganishwa na picha, na kofi huonekana ndani yake kama mwiba unaoweza kupimwa kwa usahihi wa milisekunde 1. Na kama kofi halikupigwa, lugha yenyewe inatoa msaada. Hakuna anayeweza kutamka "p", "b" au "m" bila kufumba midomo. Neno kama "baba", "pamba" au "mbao" humpa mhariri mahali pa kushika, kwa sababu mlipuko wa "p" au "b" husikika midomo inapoachana. Katika filamu ya ukalafati, nyundo hutoa alama mia kadhaa bila kuombwa.

Wengine huuliza kwa nini isirefushwe picha badala ya sauti. Picha haigawanyiki: mwenye picha 25 katika sekunde akitupa moja, mkono wa fundi huonekana ukiruka. Mwenye vipimo 48,000 anaweza kuvitandaza upya bila yeyote kutambua. Kurefusha sauti huifanya iwe nzito kidogo, lakini kwa sehemu 50 katika milioni badiliko hilo halifiki hata sehemu moja ya kumi ya sehemu moja ya mia ya nusu toni, na sikio la mwanadamu haliwezi kulifikia. Katika lile badiliko la kutoka picha 24 hadi 25 mambo ni mengine: sauti hupanda kwa sehemu 7 za kumi za nusu toni, na mpiga udi wa taarabu atalalamika, na atakuwa na haki.

Baadhi ya mafundi hawapendi hesabu. Kila baada ya dakika kumi, msemaji anapovuta pumzi, huongeza kipande kidogo cha ukimya. Njia hiyo hufaa kwa habari za kupita. Kwa kumbukumbu haifai. Huacha makosa madogomadogo kati ya kiraka na kiraka, huharibu mapigo ya kazi na ya ngoma, na baada ya miaka kumi hakuna ajuaye ni ukimya upi ulikuwa wa mzee na upi ulikuwa wa fundi wa kompyuta. Vyovyote iwavyo, faili za asili zisiguswe. Marekebisho yafanywe kwenye nakala, na ile namba 1.00005 iandikwe mahali panapoonekana.

Katika matangazo ya moja kwa moja hakuna nafasi ya kusubiri kofi la pili. Televisheni ya kidijitali, ambayo hapa Tanzania ilianza kuchukua nafasi ya ile ya zamani mwishoni mwa mwaka 2012, hutuma sauti na picha katika vifurushi, na vifurushi hivyo huandikiwa saa inayohesabu midundo 90,000 kwa sekunde. Pamoja navyo kituo hutuma hesabu ya saa yake kuu, ya mitetemo milioni 27 kwa sekunde, na king'amuzi nyumbani huiharakisha au huizuia saa yake ili ifuate ya kituo. Huo ni mlio wa siri wa Kudelski katika vazi jipya. Kompyuta inayopokea matangazo kwa intaneti mara nyingi haiwezi kuigeuza fuwele ya kadi yake ya sauti. Kwa hiyo hurudia au huiacha picha moja mara kwa mara, au huivuta sauti kidogo mno, na mtazamaji haoni.

Mwalimu wa fizikia anaweza kuyathibitisha haya bila maabara. Simu mbili zilizowekwa programu ya kunasa sauti zilazwe bega kwa bega juu ya meza mwanzoni mwa vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80. Mwanafunzi mmoja apige kofi dakika ya kwanza na dakika ya mwisho, kisha faili zote mbili zifunguliwe katika kompyuta na muda wa kati ya makofi upimwe. Saa zikitofautiana kwa sehemu 10 katika milioni, jibu litakuwa milisekunde 48. Kwa sehemu 50 litakuwa 240. Jaribio lirudiwe siku ya pili, simu moja ikiwa kivulini na nyingine juani, lakini isiachwe juani mpaka ikajizima. Simu zikitenganishwa namna hiyo, mpiga kofi lazima asimame mahali palepale mara zote mbili, kwa sababu akiisogelea simu moja kwa mita 1 huku akijitenga na ya pili kwa mita 1, atakuwa ameongeza milisekunde 6 zisizohusiana na fuwele yoyote.